Kwa mnaoanza modeli za viungo vya mwili: piteni Darajani kwanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye fani hii ya kutumia kompyuta kueleza jinsi seli zinavyojenga viungo vya kiinitete, laptopu iacheni kwanza. Nendeni soko la Darajani, Unguja, asubuhi, mumuombe muuza matumbo akuonesheni utumbo mwembamba wa mbuzi kabla hajauchambua. Utazameni vizuri: umejipinda pinda, na upande mmoja wote umeshikwa na utando. Ukitenganishwa na ule utando, unanyooka.

Mwaka 2011 Thierry Savin na wenzake huko Marekani walilionesha hilo kwa viinitete vya kuku. Utumbo unakua haraka kuliko utando unaoushika, basi hauna budi kujipinda. Wakashona mrija wa mpira kwenye karatasi ya mpira iliyovutwa, wakaiachia, na mrija ukajikunja kama utumbo wa kifaranga. Ile mipira ilikuwa modeli kamili, na kompyuta haijawashwa bado. Mimi hiyo naiona kazi nzuri kuliko picha nyingi za rangi rangi, kwa sababu inasema wazi nguvu ipi inafanya nini.

Mkishuka kwenye seli, anzeni na modeli ya vipeo, yaani ya ncha za pembe ambapo seli hukutana. Kila seli ni umbo lenye pembe kadhaa. Inapigania eneo lake, inabana mzingo wake, na mpaka kati yake na jirani una mvutano. Kwa kanuni hizo chache, Farhadifar na wenzake mwaka 2007 walichunguza mpangilio wa seli katika bawa changa la inzi wa matunda. Seli mia kadhaa zinaendeshwa na laptopu ya kawaida. Programu za Chaste na CompuCell3D zinapatikana bure, lakini ya kwanza iandikeni wenyewe kwa lugha ya Python: seli moja, kisha mbili zilizopakana.

Hapa pana mtego. Hatua ya muda, yaani kipande cha muda ambacho programu inasogeza vipeo kwa mara moja, ikiwa kubwa, kipeo kinaruka mpaka wa pili, seli inapinduka ndani nje na eneo lake linakuwa hasi, huku programu ikiendelea kuchora picha ya kupendeza. Iamrisheni isimame papo hapo eneo lolote likishuka chini ya sifuri. Kisha gaweni hatua kwa mbili mrudie; umbo likibadilika, lile la mwanzo lilitoka kwenye ukubwa wa hatua, halikutoka kwenye seli.

Na picha kufanana na ya hadubini haitoshi. Tabaka la seli hujikunja kwa kuwa seli zinabana upande mmoja, au kwa kuwa linakua mahali finyu. Mikunjo yote miwili huweza kufanana kabisa. Iulizeni modeli: tukilikata tabaka hapa kabla halijajikunja, kingo zitaachana au zitasukumana? Jibu liandikeni daftarini, na tarehe yake, kabla hamjafungua matokeo ya maabara.