Nimekatwa dola 394 na programu ya kuondoa wasiwasi. Niendelee nayo?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina watoto wawili, niko Columbus, Ohio, natunza wazee majumbani zamu ya usiku. Tangu Februari, nikiendesha gari kwenye barabara kuu ya I-270, moyo unanidunda, mikono inakufa ganzi, naona kama nakata roho. Mara mbili nimekimbizwa hospitali. Wamepima moyo, wamepima damu, wanasema mwili ni mzima, shida ni wasiwasi. Siku hizi napita njia za ndani, dakika 50 badala ya 20.

Usiku mmoja nikaona tangazo kwenye simu: masomo kumi ya kusikiliza na daftari la mazoezi, jaribu siku 30, unalipa dola 14.95 tu za kutumiwa mzigo. Nikaweka kadi. Baadaye wakakata 149.95, ya kwanza kati ya awamu tatu. Mwezi uliofuata 149.95 tena, na juu yake 39.95 kila mwezi za “klabu” nisiyoijua. Mpaka leo ni 394.75. Nimeifuta programu kwenye simu, bado wanakata. Nimefika somo la tatu, na kusema kweli linanisaidia kidogo. Mume wangu hajui. Kupiga simu naogopa, maana hofu ikinishika Kiingereza kinanikimbia. Niendelee, au nimeliwa?
Mwenye Mapigo, Ohio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeliwa, lakini hujaliwa yote, na hilo somo la tatu si la uongo.

Ngoja nikupe aibu yangu kwanza. Mimi niliyekaa wodini Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, miaka 22 nikiwatuliza watu, mwaka niliofiwa na baba watoto usingizi ulinihama. Nilikuwa kwa binti yangu, nikaona programu ya usingizi: dola moja, siku saba. Kadi ikawa ya binti. Siku ya nane wakakata ada ya mwaka mzima, 89.99. Nilinyamaza wiki tatu, naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, mpaka akaniuliza mwenyewe jikoni, “Mama, hii ni nini?” Basi usidhani nakuhubiria.

Tuje kwenye masomo. Masanduku haya ya masomo yanabadilika majina, ila ndani mara nyingi utakuta mambo yaleyale: tiba ya fikra na tabia, ambayo daktari Aaron Beck aliianzisha Philadelphia miaka ya 1960, na yale aliyofundisha daktari Claire Weekes wa Australia miaka hiyohiyo: ikabili hofu, ikubali, elea nayo, uache muda upite. Somo lako la tatu nalibashiri. Limekuambia kwamba moyo kwenda mbio ni king'ora kilicholia bila moto, na kila ukiikwepa barabara, king'ora kinaamini kweli moto ulikuwepo. Hapo hawakukudanganya. Zile dakika 50 za njia za ndani ndizo zinazoilisha hofu yako.

Kujisaidia mwenyewe kwa mazoezi si utapeli. Mwongozo wa tiba wa England wa mwaka 2011 unaweka kujisaidia huko katika hatua za mwanzo za kumhudumia mwenye wasiwasi. Na jirani zetu Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino, ulifanyika utafiti wa mpango wa kujisaidia wa Shirika la Afya Duniani kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Waliopewa mpango walikaa kwa vikundi, vikao vitano, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa, wakapewa kitabu cha michoro. Waliowasimamia hawakuwa madaktari. Matokeo yalitoka mwaka 2020: miezi mitatu baadaye, dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Lakini angalia, walikaa na mtu. Kila somo lilikuwa na mwenzio wa kukutazama usoni. Bei yako inanikera kwa sababu hiyo. Awamu tatu za 149.95 ni 449.85. Kwa pesa hiyo nategemea mtu anipigie kila wiki aniulize nimefika wapi, na katika barua yako sioni mtu kama huyo. Sauti peke yake iuzwe kwa bei ya kitabu. Kitabu cha michoro cha Shirika la Afya Duniani, pamoja na sauti za mazoezi yake, kinapatikana bure kwenye tovuti yao.

Sasa makato. Kufuta programu kwenye simu hakufuti usajili. Ni kama kuhama nyumba ukaacha mkataba wa umeme kwa jina lako. Kubadilisha kadi nako kusikutulize: mitandao ya kadi ina utaratibu wa kumpelekea muuzaji namba mpya, naye akaendelea. Tafuta barua pepe ya siku uliyoagiza, shuka mpaka kwenye maandishi madogo ya vigezo na masharti kuzingatiwa. Utazamie mambo mawili. Mosi, hizo siku 30 mara nyingi zinaanza siku uliyoagiza, wala si siku sanduku lilipofika mlangoni. Pili, klabu huwa ni mkataba wake peke yake: ukifuta usajili wa programu, klabu inabaki.

Sheria haikukutupa. Tangu 2010 Marekani ina sheria inayomtaka muuzaji wa mtandaoni aeleze masharti wazi kabla ya kuchukua namba ya kadi, apate ridhaa yako, na akupe njia nyepesi ya kusimamisha makato. Ile 39.95 usiyoijua iko hapo hasa. Kama kadi ni ya mkopo, una siku 60 tangu utumiwe taarifa yenye kato hilo kulipinga kwa maandishi, kwa anwani ya malalamiko iliyo kwenye taarifa, na kato la kwanza muda wake unayoyoma. Kama ni ya kukata moja kwa moja kwenye akaunti, iambie benki, angalau siku tatu za kazi kabla ya kato lijalo, ilizuie. Muuzaji akikugomea, peleka malalamiko kwa tume ya biashara ya shirikisho, FTC, na kwa Mwanasheria Mkuu wa Ohio.

Lakini simu lazima uipige, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mteja wanayemtaka ni yule anayeogopa kupiga. Unamuuzia mtu dawa ya hofu, kisha mlango wa kutokea unauweka nyuma ya simu: biashara gani hiyo! Basi ifanye simu hiyo iwe zoezi lako la somo la nne. Andika kwa Kiingereza, kwenye karatasi, sentensi tatu: nafuta programu, nafuta klabu, nipe namba ya uthibitisho. Moyo utadunda, uache udunde, wewe soma. Atakayepokea simu atakupa punguzo la nusu bei. Soma karatasi tena kutoka juu. Atakuuliza kwa nini unakata tamaa wakati umeanza kupona (wana maneno hayo tayari). Soma tena. Andika jina lake na saa, kisha tuma barua pepe yenye maneno yaleyale. Na uulize kuhusu kurudisha daftari, maana wengine hawalipokei bila namba ya kibali.

Pesa inayobaki iende kwa mtu. Ulizia kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato. Vinavyopata fedha za serikali kuu vinapaswa kukupa mkalimani bila malipo, kwa hiyo omba wa Kiswahili. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, usisubiri miadi, piga 988, namba ya msaada wa dharura kwa wenye mawazo hayo.

Ile I-270 ianze Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu. Ingia, tokea njia ya kwanza, paki, unywe maji. Mumeo akae kiti cha pembeni, maana mpaka hapo utakuwa umeshamwambia.