Watu ninaowachora wamekakamaa, nifanye nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Huu mwaka wa pili najifunza kuchora umbo la mtu. Vipimo navipata: vichwa saba na nusu toka utosini hadi nyayoni, ncha za vidole katikati ya paja. Sura nazo ndugu zangu wanazitambua. Lakini mtu wangu akisimama huwa amekakamaa, na mwengine kama anataka kuanguka. Nirudie vipimo au nianze kujifunza misuli? – Mwanafunzi, Michenzani

JIBU: Marahaba. Vipimo usivirudie, na misuli iache kwanza. Kinachokosekana ni uzito.

Vichwa saba na nusu ni wastani wa mtu mzima aliyesimama wima. Aliyepumzika hasimami hivyo. Mwili huutupia mguu mmoja: nyonga ya upande huo hupanda, ya pili hushuka na goti lake hulegea. Bega la upande wa mguu uliobeba kwa kawaida huinama kidogo, ili mwili ubaki kwenye mizani. Kwa hiyo mstari wa mabega na mstari wa nyonga huelekea kukutana upande huo. Wachongaji wa Ugiriki walilifanyia kazi jambo hili tangu karne ya 5 kabla ya Kristo. Sanamu zao za zamani zaidi zimekakamaa kama watu wako, basi usione haya.

Kuhusu kuanguka, tumia timazi ya waashi, au uzi wenye jiwe. Uning'inize mbele ya jicho, uzi upite kwenye kishimo cha koo cha unayemchora. Akiegemea mguu mmoja, utashuka karibu na kifundo cha mguu huo. Akisimama kwa yote miwili, utaangukia katikati. Hamali anayesukuma mkokoteni ni habari nyengine: mkokoteni nao unamshikilia, uzi utaangukia nje ya nyayo zake. Huyo usimnyooshe!

Nakisia kuwa unaanzia machoni, ndiyo maana sura zinatambulika. Geuza mpango. Anza na kishimo cha koo, weka unyayo uliobeba mwili, kisha mwinamo wa nyonga, kisha mabega. Kichwa kije mwisho. Dakika moja au mbili kwa kila mtu, na raba ibaki nyumbani.

Nenda Forodhani jioni. Wanaosubiri urojo husimama kwa muda, hubadilisha mguu, kisha hurudi mkao ule ule. Akibadilisha, anza mchoro wa pili pembeni na urudi kwa wa kwanza akirudi. Wachore kwa nyuma. Aliye karibu mwombe ruhusa, na akikataa funga daftari, hata kama mkao wake ni mzuri kiasi gani.

Kanzu itakusumbua kwa sababu inaficha magoti. Tafuta pale nguo inapoguswa na mwili: mabegani, makalioni, kwenye goti lililokunjika. Mikunjo inayoanzia hapo ndiyo ya kuchora, mengine iache. Buibui ni vivyo hivyo.

Kila karatasi iandike tarehe. Baada ya wiki kadhaa chukua rula, pitisha mstari wa mabega na wa nyonga juu ya michoro yako. Ikiwa karibu yote mistari inakwenda sambamba, bado unachora kwa kukariri. Ikianza kupishana, hapo fungua somo la mifupa, uanze na fupanyonga na kifua. Misuli ifuate.