Dada wa Njombe, weka hiyo pasi chini! Choma uzi kwanza

Wee dada wee, subiri kwanza! Hiyo pasi ya mkaa iache hapo hapo ilipo.

Nimesoma swali lako lote, kwamba umehamishiwa Njombe ukitokea Dar, una wiki yako ya likizo mwezi huu wa saba, baridi imekufungia ndani, unataka ratiba ya usafi na kufua, unataka kupika vitu vya kukaa hata siku mbili, na katikati umalize blanketi la kroshia la mtoto wa mteja wako, na unauliza madonge mangapi ya uzi yatatosha. Vyote sawa. Ila kuna kasentensi umekarusha mwishoni kama sio kitu, eti ukimaliza utalifua halafu utalipiga pasi ya mkaa na kitambaa kibichi juu likae vizuri, maana muuzaji kakuhakikishia ni sufu orijino. Hapo moyo wangu ulipiga paa! Wachangiaji wote wa juu wamekupa mapishi ya makande, hakuna hata mmoja aliyekaona hako kasentensi. Mi nimekaona kwa sababu mwenzio kameshanila hela.

Mi nipo Makete, na wanaopajua watakwambia kipupwe cha huku sio cha kuhadithiwa. Mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi unatoka nje unakuta majani meupe, umande umeganda, na ukungu ukishuka unaweza kuanika shati Jumatatu ukalikuta vile vile Alhamisi, tena afadhali lingekaa kwenye ndoo. Sasa katika hali hiyo nilipata oda ya blanketi la mtoto mchanga, mteja wa heshima, shangazi yake na bibi harusi mmoja hapa kijijini, yule mama akipenda kitu anakitangaza mpaka Makambako. Nikalifuma kwa viboksi, kila kiboksi na ua lake katikati limenyanyuka, rangi ya maziwa na kijani kibichi, kando nikaweka mashina ya majani. Nilijifungia ndani wiki nzima, sufuria ya maharage jikoni, chai ya tangawizi pembeni, mvua ya manyunyu kwenye bati, yaani raha zote unazozitaka wewe nilizipata. Kazi ilitoka nzuri jamani, mpaka nikaipiga picha na kuiweka status kabla sijaikabidhi. Kosa la pili hilo, ila tuache.

Uzi nilinunua gulioni kwa kaka mmoja anauza madonge yasiyo na lebo, ameyaviringisha upya mwenyewe kutoka kwenye mabunda makubwa. Nikamuuliza kaka huu ni uzi gani, akaushika akaupitisha shavuni kwake kabisa, akafumba macho, akasema "dada yangu, hii sufu ya kondoo wa ng'ambo, ukivaa hii Makete unatoka jasho." Bei ikawa ya sufu kweli kweli. Mi nikaamini kwa sababu ulikuwa laini na una manyoya manyoya, na kwa sababu mtu akifumba macho namna ile unaona aibu kubisha.

Basi nikamaliza, nikafua, likakataa kukauka. Mama mtu anapiga simu asubuhi na jioni. Nikakumbuka nilishaona video ya mama mmoja mzungu anafundisha kunyoosha kazi ya kroshia kwa mvuke wa pasi, viboksi vinakaa sawa, kona zinasimama, nikasema ndo hiyo hiyo, nalikausha na kulinyoosha kwa mpigo mmoja, akili nyingi. Umeme ulikuwa umekatika kwa hiyo nikawasha pasi ya mkaa, mkaa wenyewe wa miti ya miwati, na mnaoujua mkaa wa miwati mnajua ukishika unavyounguruma. Nikatandika juu ya meza, nikaweka khanga mbichi juu ya blanketi, nikashusha pasi. Mvuke ukapanda fyuuu. Nikasikia kaharufu fulani nikadhani ni mkaa. Nikaendelea! Hapo ndo pananiumaga mpaka leo, nilisikia harufu nikaendelea, tena naimba.

Nilivyofunua khanga, dada, maua yote yamelala. Halikuungua, ungeliangalia kwa mbali ungesema zima kabisa, ila limekuwa bapa, lina mng'ao kama limepakwa mafuta, na ule ulaini wa kubonyea halafu kunyanyuka tena umekufa. Nikalinyanyua kwa kona mbili lijipange, likaanza kurefuka lenyewe kwa uzito wake kama mlenda. Upande mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine. Na kuna sehemu khanga ilikuwa imejikunja, pasi ikagusa uzi wenyewe, pale paliyeyuka kabisa pakaganda kwenye bati la pasi, nilikuja kulikwangua kwa kisu. Nikalifua tena kwa maji baridi nikidhani litarudi. Halirudi. Nikaliacha usiku kucha limelowekwa. Halirudi dada, ukishafika hapo ndo umefika.

Kwa sababu ule haukuwa sufu, ulikuwa akriliki. Akriliki ni plastiki, inatokana na mafuta ya petroli, wameifanya tu ifanane na manyoya. Joto likifika karibu na la maji yanayochemka, hasa kukiwa na unyevu, nyuzi zinalegea, zikipoa zinabaki vile vile zilivyolegea, na hakuna sabuni wala dua ya kuzirudisha. Sufu yenyewe ingevumilia ile khanga mbichi na mvuke bila shida, ndo maana yule mzungu kwenye video alifanikiwa, yeye alikuwa na sufu na pasi ya umeme ya kurekebisha moto. Zile nukta unazoziona kwenye pasi za umeme na kwenye lebo za nguo zina maana yake, nukta moja ni kama digrii 110, mbili 150, tatu 200, na akriliki hata hiyo moja unaipitisha kwa woga. Sasa pasi ya mkaa nukta zake ziko wapi? Ina komeo la umbo la jogoo tu pale mbele, na jogoo hajui akriliki.

Nilirudisha kianzio cha watu, nikanunua uzi mwingine kwa hela yangu, nikafuma upya huku nachekwa na status yangu mwenyewe. Lile la kwanza saivi linafunika mtungi wa maji, mgeni akiuliza nasema ni fasheni. Mnaocheka chekeni tu, nyie wote hapa kuna aliyeunguza wali wa harusi na nawajua.

Halafu nikamfuata yule kaka gulioni. Mnajua alinijibu nini? Akalishika, akalipitisha shavuni tena (!!), akasema labda pasi yangu ina majini. Yaani mtu kakuuzia plastiki kwa bei ya kondoo, halafu anakuletea majini. Sikatai, inawezekana na yeye alivyochukua mzigo mjini aliambiwa hivyo hivyo, hawa wauzaji wengi hawajui wanachouza, wanajua rangi na bei basi. Lakini kama hujui sema sijui kaka! Sema "uzi wa sweta", inatosha, tutanunua tu. Hiyo sufu orijino ya kuambiwa mdomoni ndo inayotumaliza. Na nyie mnaofundisha kwenye video, mnashindwa nini kusema mwanzoni kabisa kwamba hii ni ya sufu tu? Mnasema mwishoni, sisi bando limeshaisha.

Kwa hiyo dada sikiliza, na hata ukisahau mengine yote shika hili: uzi usiochomwa haufumwi. Leo hii kabla hujaongeza hata mstari mmoja, kata kipande cha uzi kama urefu wa kidole, kishike kwa kibano au koleo la mkaa, sio vidole, simama juu ya sahani ya bati yenye maji kidogo, mbali na madonge yako na mbali na beseni la plastiki, washa kiberiti ukisogeze taratibu. Sufu inagoma goma kushika moto, ukitoa kiberiti inazimika yenyewe, na harufu yake ni ile ile ya nywele kuungua saluni, haina mjadala, na majivu yake ukiyafikicha yanasagika. Pamba inawaka kama karatasi na inanuka karatasi, inaacha majivu laini ya kijivu. Akriliki inashika moto haraka, inayeyuka huku inawaka, moshi mweusi, inadondosha matone ya moto (hayo matone yakikugusa yanaondoka na ngozi, ndo maana nimesema koleo), na ikipoa inaacha kishanga kigumu cheusi ambacho hukisagi kwa kucha. Ukipata vyote viwili, harufu ya nywele na kishanga, basi umeuziwa mchanganyiko, na mchanganyiko unautendea kama akriliki kwenye pasi na kama sufu kwenye maji, yaani pasi hapana na maji moto hapana.

Kama bado una wasiwasi chukua kipande kingine kitumbukize kwenye kikombe chenye jiki, ukiache mpaka kesho yake. Sufu itayeyuka yote iishe, akriliki itakutazama tu.

Na usiseme basi nitanunua sufu niwe salama, maana sufu nayo ina balaa lake upande wa pili, ukiifua kwa maji ya moto huku unaifikicha inajikamata yenyewe na kusinyaa, blanketi la mtoto linakuwa la mdoli. Kila uzi una kifo chake. Ndo maana narudia choma kwanza, ujue unafuga nini.

Ikiwa ni akriliki, na mi naona kabisa ni akriliki kwa hiyo bei uliyotaja, bado kazi yako itapendeza, wala usiitupe. Fua kwa maji ya vuguvugu, usikamue kwa kulisokota, liviringishe ndani ya taulo kavu kisha likanyage kanyage kwa miguu, taulo litakunywa maji. Halafu litandaze bapa juu ya mkeka au godoro la zamani, livute kwa mkono mpaka viboksi vikae mraba, kona uzishike na pini zisizoshika kutu, kutu ikilowa inaacha doa la kahawia na kwenye rangi ya maziwa hilo doa utazeeka nalo. Liache hapo mpaka likauke lenyewe. Akriliki hainywi maji sana, sufu ndo inaweza kubeba unyevu karibu theluthi ya uzito wake, kwa hiyo hata kwenye ukungu wa Njombe lako litakauka kabla ya sweta la sufu. Usilitundike kwenye kamba likiwa limelowa, litarefuka. Usilianike juu ya jiko, hata kwa mbali, hata kwa dakika tano, najua unawaza hivyo maana na mi niliwaza hivyo. Na hilo jiko lenyewe usilale nalo chumbani kwa ajili ya joto, hata mkaa ukishakuwa mwekundu hauna moshi bado unatoa ile hewa isiyo na harufu inayoua watu na madirisha yao wameyafunga, na sufuria ya maji unayoambiwa uweke pembeni haisaidii chochote.

Kuhusu chakula, makande waliyokwambia ni sahihi, loweka mahindi na maharage usiku, chumvi weka mwishoni, na viazi vya huko Njombe ni vizuri uvipike na njegere... alafu wakati makande yanachemka una saa kadhaa hapo za bure jikoni, kiberiti kipo, koleo lipo, huna kisingizio, choma huo uzi! Choma kila donge, sio moja tu, maana yule kaka kwenye mfuko mmoja alinichanganyia, kijani ilikuwa na pamba ndani yake, na niligundua baadaye nilivyochoma mabaki kwa hasira.

Mteja wako akikuharakisha mwambie linakauka. Akisema mbona wenzako wanapiga pasi, mpe namba yangu, nitamtumia picha ya mtungi.

Ukishachoma rudi hapa utuambie, limetoka kishanga au umesikia saluni? Na utaje kama ulinunua gulioni kwa mkaka anayepitisha uzi shavuni, maana naanza kuhisi ni yule yule kahamia kwenu.