Majimbo 13 au madola 13?

SWALI: Nafundisha historia sekondari. Kwenye maelezo ya wanafunzi niliandika: "Mwaka 1781 majimbo 13 ya Marekani yaliunda shirikisho." Mwalimu mwenzangu anasema "majimbo" halifai hapo. Je, nimekosea?

JIBU: Mwenzako ana hoja, mwalimu. Jimbo ni sehemu ya nchi. Ukilitaja, msikilizaji anajua juu yake ipo serikali kubwa zaidi. Mwaka 1781 serikali hiyo haikuwepo. Mkataba wao wa kuungana, ulioanza kutumika Machi mwaka huo, Maryland ilipouridhia ikiwa ya mwisho, ulisema wazi kwamba kila mwanachama anabaki na mamlaka na uhuru wake. Kongresi, baraza lao la pamoja, haikuweza kutoza kodi, iliomba michango tu. Virginia yenye watu wengi na Rhode Island ndogo zilikuwa na kura moja moja, na kurekebisha mkataba kulihitaji wote 13 wakubali. Rhode Island ilipogoma mwaka 1782, pendekezo la ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje likakwama.

Hizo zilikuwa nchi zilizoshikana mikono. Andika "madola". Najua "dola" huwachanganya watu kwa sababu ya fedha, lakini wingi unatuokoa: dola 13 ni pesa, madola 13 ni nchi zenye mamlaka. Jimbo la Texas la leo ni sawa kabisa. Tatizo ni mwaka.

Neno linalonisumbua zaidi katika sentensi yako ni "shirikisho". Tunalitumia kwa Nigeria na Ujerumani, ambako serikali kuu inatoza kodi na ina jeshi. Ukiliweka mwaka 1781, mwanafunzi hataelewa kwa nini mwaka 1787 wajumbe walikutana Philadelphia kuandika katiba mpya. Kwa mkataba ule wa kwanza ningetumia "jumuiya". Mwanafunzi wetu analijua neno hili: ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Uganda inabaki Uganda na Kenya inabaki Kenya.

Kwa hiyo: "Mwaka 1781 madola 13 ya Amerika yaliunda jumuiya, kuanzia mwaka 1789 yakaanza kuwa majimbo ya shirikisho moja." Hilo "yakaanza" usilifute. Serikali mpya ilipoanza kazi, North Carolina na Rhode Island zilikuwa bado nje. Rhode Island iliridhia katiba Mei 1790.