Usikope na watu wa kukamilisha idadi

Dada, simama hapo hapo. Usisaini kitu chochote.

Nimesoma post yako nikawa natafuta mahali ulipoandika kwamba ni utani. Unataka mtaji wa kuanza kusindika unga wa lishe hapo Morogoro. Mko wanawake watatu mnaofahamiana, halmashauri inataka kikundi cha watu watano ndipo itoe mkopo, na kuna kaka "mzoefu wa pale ofisini" amejitolea kuwatafutia wawili wa kukamilisha idadi. Hela ikitoka kila mtu achukue fungu lake akafanye mambo yake, na yeye abaki na asilimia kumi ya usumbufu. Halafu baada ya yote hayo unauliza vifungashio vizuri vinapatikana wapi, na kama usajili kampuni au jina la biashara. Vifungashio! Nyumba inawaka moto unauliza rangi ya mapazia.

Na nyie mliomjibu hapo juu "changamkia fursa dada, hela za serikali hizo", mna roho ngumu. Nitarudi kwenu.

Mimi nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha namna hiyo. Ilikuwa 2022, vijana watano, biashara ni kufyatua matofali. Wawili tulikuwa marafiki wa kweli, mmoja alikuwa binamu wa huyo rafiki yangu, na wawili waliobaki nilijua majina yao siku tunajaza fomu. Kwetu pia kulikuwa na kaka mzoefu. Mtaa mzima walimwita mtaalamu. Anakaa nje ya ofisi ya kata na bahasha ya kaki kwapani, anasalimiana na kila anayeingia, ukimwangalia utadhani ni mtumishi. Si mtumishi wa kitu chochote. Kazi yake ni kuunga watu wasiojuana, kuwaandikia katiba na andiko la mradi, kisha kula asilimia.

Hiyo katiba yenyewe, tucheke kidogo kabla sijalia. Alinakili ya kikundi kingine akabadilisha jina la kikundi na jina la mtaa basi. Sisi watu wa matofali, kipengele cha madhumuni kilikuwa kinasema tutatunza mizinga na kuuza asali mbichi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameisoma, na wote tulikuwa tumeweka saini. Tulikuja kugundua siku afisa maendeleo ya jamii anaipitia mbele yetu. Akanyanyua macho akauliza, "Mizinga yenu iko wapi?" Rafiki yangu akajibu bila kupepesa macho kwamba nyuki ni awamu ya pili. Yule mama akatuangalia, akacheka, akaturudishia tukarekebishe. Ningekuwa na akili ningeishia pale. Mtu ambaye hajasoma anachosaini hafai kukopa hata chumvi, na mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina!

Hela ikatoka, milioni kumi, ikaingia kwenye akaunti ya kikundi. Tukaenda benki watia saini watatu, tukatoa, tukakaa kwenye benchi la muuza chipsi ng'ambo ya barabara na mtaalamu akiwepo. Yeye kwanza: milioni moja. Zikabaki tisa kwa watu watano, kila mmoja milioni moja na laki nane.

Sasa piga hesabu hiyo taratibu, dada, kwa sababu ndiyo hesabu unayokwenda kuifanya wewe. Mkopo wa halmashauri hauna riba, huo ndio uzuri wake wote. Sisi kila mmoja alipokea milioni moja na laki nane kwa deni la milioni mbili, yaani riba tulijitafutia wenyewe tukamlipa mtu wa bahasha kabla hata chipsi hazijaiva. Na hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba milioni tisa zikiwa pamoja zilikuwa zinanunua mashine ya kufyatulia na saruji ya kuanzia, zikabaki na za kulipa vibarua. Milioni moja na laki nane hainunui mashine. Biashara iliyoandikwa kwenye andiko ilifia pale pale kwenye benchi, tukagawana maiti.

Mimi nilijitahidi. Nikanunua mchanga na saruji, nikaanza kufyatua kwa kibao cha mkono, tena wateja walikuwepo. Tulipewa miezi mitatu ya mwanzo bila marejesho, na hiyo miezi ni mitamu sana, unajiona tajiri. Baada ya hapo laki tano kila mwezi kwa kikundi, laki moja kila kichwa. Mwezi wa kwanza walileta watatu na mimi. Mwezi wa pili binamu akawa hapatikani, tukasikia yuko Kahama anachimba dhahabu. Mmoja wa wale wa kukamilisha idadi akabadilisha laini. Mwingine nilimkuta kwao, amekaa kibarazani anakula muhogo, akanijibu bila aibu, "Kaka, mimi niliambiwa nisaini tu, za kwangu mtaalamu alinikata nusu." Kumbe mtaalamu alikuwa anakula huku na huku! Akanikaribisha na muhogo. Nikala, ningefanyaje.

Mkataba hauna habari na nani yuko Kahama. Unasema kikundi, na wanakikundi wanawajibika kwa pamoja. Barua zikawa zinakuja zina muhuri, zinapitia kwa mtendaji, na mtendaji anamjua nani? Anamjua aliyebaki mtaani mwenye nyumba inayojulikana. Nikawa nachukua hela ya saruji nalipia marejesho ya wengine, mwisho saruji ikakosekana, tofali zikakosekana, wateja wakahamia kwa jirani. Nikauza pikipiki, na ndiyo iliyokuwa inanilisha kabla ya kuitwa mjasiriamali. Mpaka sasa nimesharudisha zaidi ya milioni nne kwa hela niliyopokea ambayo unaijua, na deni halijaisha.

Halafu Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akatangaza bungeni kwamba mikopo hiyo ya halmashauri imesitishwa mpaka utaratibu upangwe upya. Nilivyo mjinga nikashangilia! Nikanunua soda. Kesho yake nikaambiwa kilichositishwa ni kutoa, kudai kunaendelea kama kawaida.

Unajua kwa nini walisitisha? Kwa sababu ya watu kama sisi na kaka mzoefu. Vikundi hewa, vikundi vya kugawana, marejesho hayaonekani. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ziliimba wimbo huo miaka na miaka. Ilirudi 2024 na utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikapangiwa kutoa kupitia benki. Na nyie wa "hela za serikali hazina mwenyewe" mjue mnamdanganya mtu mchana kweupe. Zina mwenyewe. Ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ule ushuru anaokatwa mama ntilie sokoni. Sheria imeshagawa: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Anayekula bila kurudisha anamla jirani yake aliyeko kwenye foleni. Na wewe unayeandika "mimi nilichukua na sijasumbuliwa", subiri utakapohitaji barua ya mtendaji.

Huyo kaka wa kwako namjua bila kumwona. Anaongea kwa upole, anakuita "dada yangu", anasema fomu zina siri zake. Hazina siri. Ukienda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, fomu na maelekezo unapewa bure, na siku hizi maombi yenyewe yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandao. Akikung'ang'ania, au mtumishi yeyote akikuomba chochote ili jina lipite, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, namba yao ni 113 na haikatwi salio. Mimi sikupiga kwa sababu na mimi nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi. Wewe bado hujakaa.

Sasa shika hili moja, mengine yote usahau: kikundi kiweke pamoja kwanza, ndipo kikope pamoja. Hata kama fursa inafungwa kesho saa sita.

Mko watatu? Tafuteni wawili mnaowajua kwa tabia za hela, si kwa sura. Anzeni kuweka hisa, yaani akiba ya kikundi, kila wiki, hata elfu mbili mbili. Sanduku la kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na sanduku likae kwa mtu wa nne. Mfuko wa jamii pembeni kwa msiba na ugonjwa. Faini ya kuchelewa, hata ya mia tano, na itozwe kweli, hata kwa mwenyekiti, hasa kwa mwenyekiti. Baada ya miezi kadhaa anzeni kukopeshana humo humo, kwa kiasi kisichozidi mara tatu ya hisa za mtu. Hapo ndipo utawajua watu. Yupo atakayekuja na hisa huku mvua inanyesha, na yupo ambaye kila wiki ana mgonjwa. Anayekusumbua kwa elfu mbili Jumapili, laki moja ya marejesho ataitoa wapi? Kama kuna wa kutoroka atoroke na elfu arobaini mkiwa bado mnacheka.

Ukishakuwa na daftari la mwaka mzima, wanachama haohao, marejesho yanaonekana, utashangaa milango inavyofunguka. Afisa anayekuja kukagua anataka kuona kazi na kitabu, hataki hotuba. Sisi siku ya ukaguzi tuliazima mashine ya jirani na tofali zake, tukasimama pembeni tumekunja mikono kama mainjinia. Na hicho kikundi cha hisa mkisajili kabisa, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi vya kijamii, usajili wake unafanyikia hapo hapo halmashauri.

Utaniambia mwaka ni mrefu. Anza unga sasa hivi bila mashine! Hapo ulipo hakukosekani mashine ya kusagisha kwa debe. Nunua mahindi, soya na karanga kidogo, kaanga, sagisha, uza kwa akina mama unaowajua, ujue kwanza kama wanarudi kununua mara ya pili. Nenda SIDO mkoani, lile shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji wa vyakula, na wana mikopo yao pia. Wakishakutambua ndio wanaokupa barua ya kwenda nayo TBS, shirika la viwango, wajasiriamali wadogo wanaopitia njia hiyo kwa kuanzia hawabebeshwi zile gharama za alama ya ubora. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure, asikuuzie mtu.

Na pale mwishoni umesema ikishindikana utachukua mkopo wa simu au kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonya, "wa kuanzia tu". Dada yangu! Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Kabla ya kukopa popote angalia orodha ya hiyo Benki Kuu (BoT) ya wenye leseni, ukiona mtu anataka kadi ya benki na namba yako ya siri, ondoka mbio. Hayo ya kausha damu yana uzi wake na mimi sina pumzi.

Lile la kampuni au jina la biashara: jina la biashara linatosha kwa kuanzia, unajaza mwenyewe kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kampuni utaiwaza ukishakuwa na cha kuweka ndani yake. Kuna swali lingine uliuliza kuhusu bei ya mashine sijui ya farasi wangapi, hilo nimelipita, na vifungashio sijui kabisa, mimi ni mtu wa matofali. Walioko Morogoro mtajieni duka.

Ila kabla hujalala leo mtumie huyo kaka meseji, muulize kama na yeye jina lake litakuwemo kwenye mkataba na NIDA yake. Jibu atakalokupa libandike hapa tulisome wote.