Niliacha Kutanguliza Andiko, Nikatanguliza Mpira wa Soksi

Jumanne iliyopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Mafinga. Aliandika kwa adabu sana: "Shikamoo dada. Tuko vijana watano, tumeanzisha asasi ya michezo ya watoto. Usajili umetoka, katiba tunayo. Nimetuma maandiko ya mradi kwa wafadhili saba na hakuna hata mmoja aliyejibu. Wewe wabia uliwapataje?"

Nilimjibu mistari miwili tu kwa sababu nilikuwa ndani ya kosta, njia ya Tukuyu, mvua inapiga vioo na dereva anapangusa ukungu kwa kitambaa. Usiku usingizi ulikataa. Swali lile ndilo lililokuwa linaniliza mwaka 2017, na wakati ule hakuna mtu aliyenijibu zaidi ya kuniambia "vumilia". Kwa hiyo mdogo wangu wa Mafinga, na wengine mnaotaka njia hii, leo najibu kwa kirefu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya kabla ya kuanzisha asasi yetu ya michezo ya watoto. Habari za usajili na katiba sitazirudia, umeshazipita. Nianzie Iringa, kwa sababu pale ndipo nilipoanguka.

Nilikodi ukumbi kwa fedha za kikoba. Nikachapa nakala 40 za andiko la mradi, nikaazima projekta, nikapanda basi alfajiri na boksi la makaratasi mapajani. Mbeya hadi Iringa ni kama kilomita 330, na njia nzima nilikuwa nasoma hotuba yangu kimoyomoyo. Watu walikuja, siwezi kulalamika, walifika 31. Nikaanza kwa "Kamwene!" wakaitikia kwa furaha, nikajua leo ni leo. Nilikuwa bado kwenye malengo mahususi, sehemu ya pili, mama mmoja akanyoosha mkono. Akauliza, "Samahani mwalimu, nauli tunasaini wapi?"

Niliumia. Nilimwona mama yule hana shukrani. Sasa najua alikuwa ameacha nyanya zake Ilula, siku ya soko, kuja kunisikiliza mimi nikisoma ukutani maneno ambayo hata nyumbani kwangu hatuyatumii. Hakuna aliyenipigia simu baada ya siku ile. Nilishuka Ipogolo kusubiri basi la kurudi, na machozi yalinitoka mpaka Makambako.

Ushauri wangu wa kwanza basi: usiwaite watu waje kwenye karatasi lako. Wafuate walipo.

Hili nilifundishwa na mzee mmoja wa Kyela. Nilikwenda kwake na barua ya halmashauri mkobani (barua usiache kamwe, pitia kwa afisa maendeleo ya jamii, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, hata kama unafahamiana nao wote). Nilimkuta chini ya mwembe, kakao zimeanikwa pembeni kwenye mkeka, yeye na wenzake wanacheza bao. Nikasalimia, "Mwagonile." Wakaitikia. Nikataka kutoa barua, mzee akainua kiganja bila kuniangalia. Nikasimama. Nikasubiri, nadhani nusu saa nzima. Mchezo ulipokwisha akasema, "Mwalimu wa michezo, wewe unacheza nini?"

Baba yangu alinifundisha bao nikiwa mdogo, nikasema nacheza hilo hilo. Wazee wakaangaliana. Akanipisha kigoda, akapanga kete sita kwenye nyumba yangu, mbili na mbili pembeni yake, kisha akanihesabia 22 mkononi, moja moja, kama muuzaji anayerudisha chenji. Tukaanza kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi ubaoni moja moja. Ukiwa unanamua huwezi kukimbia, kila kete unaifikiria inaingia wapi na inakula nini, na katikati ya kete na kete mtu anazungumza. Kabla kete za mkononi hazijatuishia nilikuwa nimeshajua kwamba uwanja wa shule umeliwa na mashamba, kwamba wajukuu wake wanacheza barabarani malori yanapopita kwenda mpakani, kwamba miaka miwili nyuma walikuja watu wa mradi, wakapiga picha, wakaondoka. Barua aliisoma mwisho. Aliikunja akaiweka mfuko wa shati na kuniambia nirudi Ijumaa.

Nilirudi Ijumaa. Nikarudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine. Nauli yangu, miguu yangu. Mnaoona leo tuna viwanja vijijini mnadhani kuna mtu alitushika mkono. Hapana. Tulirudi, ndiyo siri yote. Andika hiyo: rudi.

Isyonje, kijiji cha milimani, ilikuwa mambo mengine kabisa. Kule juu ni baridi, udongo mweusi, watu wanatoka kwenye viazi jioni wamechoka. Kikao cha saa tisa hakijai hata benchi moja. Siku hiyo nilikuwa na msaidizi wangu tu, tukaamua tusiitishe kikao. Tukaingia uwanja wa shule tukaanza rede na wasichana wa darasa la tano. Mpira ulikuwa wa soksi, ndani mifuko ya plastiki imesokotwa, juu umefungwa kwa nyuzi za kiroba. Chupa ya maji ya nusu lita imesimama katikati. Unakwepa mpira huku na huku, na kila ukipata mwanya unainama kujaza udongo kwa kiganja.

Akina mama wakasimama njiani na majembe begani. Mmoja akacheka kwamba sisi watu wa mjini hatujui kuinama. Nikamwambia njoo utuonyeshe. Alitua jembe, akakaza khanga kiunoni, akavua ndala. Nawaambieni, mama yule alikuwa na watoto wanne na alikwepa mpira kama samaki! Chupa ilifika shingoni. Wasichana walikuwa wanapiga kelele, na mmoja wao, binti yake mwenyewe, alisimama ameshika mdomo, hajawahi kumwona mama yake akikimbia bila kukimbilia kitu. Jioni ile waliingia akina mama tisa. Giza lilipoingia mmoja akauliza, "Kesho mnakuja saa ngapi?" Hakuna aliyeuliza nauli.

Ndani ya miezi mitatu serikali ya kijiji ilitupa robo eka. Akina baba wakaleta magogo ya mlingoti, fundi baiskeli akatoa matairi, tukasimamisha bembea nne. Andiko lilikuja baada ya hapo, kurasa tatu tu, na lilijibiwa.

Sasa niseme linalouma, kwa sababu ushauri bila hili ni nusu. Mwaka 2021 lilitufuata shirika moja kubwa, jina lake nalihifadhi. Walikuja na magari mawili, wakaomba kutembelea, nikawapokea kama wageni wa heshima, tukawachinjia kuku. Walipiga picha za bembea, za watoto, za yule mama wa rede. Wakaahidi ubia. Baadaye picha zile zikatokea kwenye taarifa yao kama kazi yao wenyewe, asasi yetu haikutajwa hata kwa neno moja. Mama yule alionyeshwa picha yake kwenye simu ya mtu. Akanipigia: "Dada, umetuuza?"

Sijawahi kuulizwa swali zito kama lile. Nilikwenda Isyonje kila wiki kwa miezi minne, nakaa jikoni kwao, nachambua maharage, naeleza. Wamenisamehe. Shirika lile mimi bado sijalisamehe, Mungu anisaidie. Kwa hiyo kijana wangu, mgeni akija na kamera, karatasi itangulie: picha ni za nani, zitakwenda wapi, jina la kijiji na la asasi litaandikwaje. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha. Usione haya kuudai. Mwenye nia njema atasaini.

Na wazazi, niwaambie na nyinyi. Mnamwamsha mtoto saa kumi na moja alfajiri, anarudi na giza, Jumamosi yuko tuisheni, halafu mnashangaa hasemi na watu. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia 1991, kinataja kucheza na kupumzika kuwa haki. Tangu 2024 dunia imetenga tarehe 11 Juni kuwa siku ya kimataifa ya kucheza. Nilifundisha darasani miaka mingi: mtoto aliyecheza rede anajua kusubiri zamu, anajua kupigwa mpira na kutoka bila kununa. Hayo hayamo kwenye daftari la tuisheni. Wapeni watoto saa moja kwa siku. Saa moja tu, jamani.

Mwezi uliopita tuliwakutanisha watu wa Kyela na watu wa Isyonje. Mzee wangu wa bao alipanda kosta, mara yake ya kwanza kulala kwenye baridi ile, amevaa makoti mawili na ubao ameukumbatia ndani ya gunia. Alikataa kiti cha mbele cha wageni. Aliketi kwenye gogo la bembea, watoto wakamzunguka, na nikamwona yule binti wa rede, sasa yuko sekondari, anahesabiwa kete 22 mkononi, moja moja.

Mdogo wangu wa Mafinga, nitapita kwenu Alhamisi ijayo nikienda Iringa. Sihitaji ukumbi wala projekta. Muone mtendaji mapema akupe kibali, uliza akina mama wanarudi shambani saa ngapi, na tafuta chupa ya nusu lita. Mpira ninao.