Re: Jiwe kwenye mrija wa nyongo, lazima apasuliwe?

Pole sana dada, na mama umpe pole. Mara nyingi hapasuliwi tumbo. Daktari hupitisha kamera mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mdogo, anakata kidogo mdomo wa mrija (njia iliyoanza 1974 Ujerumani na Japani), kisha analivuta jiwe kwa kikapu cha waya au puto. Mama yangu mdogo alitolewa la ukubwa wa punje ya mahindi. Likizidi milimita 15 hivi, huenda wakalivunja kwanza humohumo.

Baadaye akiumwa tumbo la juu hadi mgongoni, mrudishe siku hiyohiyo, kongosho huweza kuvimba. Na sasa, macho ya njano yakiambatana na homa ya kutetemeka, tafadhali usisubiri hata kukuche.